Mtu wa Tatu

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, ndege 21 za Jeshi la Majini la Uingereza ziliruka kutoka meli ya kubeba ndege Illustrious, katika Bahari ya Mediteranea, kwenda kuzipiga manowari za Italia zilizotia nanga bandarini Taranto. Ndege zenyewe, aina ya Swordfish, zilitengenezwa kwa ajili ya watu watatu. Usiku ule ziliondoka na watu wawili wawili. Safari ilikuwa ndefu na mafuta hayakutosha, kwa hiyo katika zile zilizobeba topido tangi la ziada liliwekwa katikati, mahali pa afisa mwelekezi. Mwelekezi akasogea nyuma kwenye kiti cha mtu wa tatu, na mtu wa tatu akaambiwa abaki melini. Kulipokucha, manowari kubwa tatu za Italia zilikuwa zimetobolewa, na moja kati yao haikurudi vitani tena. Taranto ikaingia vitabuni, na mtu wa tatu hakuwemo.

Naanza na usiku ambao hakuruka kwa sababu unaonyesha wazi jinsi wakubwa wake walivyomhesabu. Alikuwa uzito, na uzito huo ungeweza kubadilishwa kwa petroli. Kazi yake rasmi ilikuwa mbili kwa mshahara mmoja: kutuma na kupokea simu ya upepo, na kupiga bombomu lililofungwa nyuma ya ndege. Mabaharia walimwita kwa herufi tatu tu, TAG. Rubani na mwelekezi kwa kawaida walikuwa maafisa. Yeye alikuwa baharia wa kawaida, mara nyingi mwenye cheo cha Leading Airman, ambacho ukikipeleka jeshi la nchi kavu utakiweka karibu na koplo.

Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na tawi lake la ndege tangu Julai 1914. Tarehe 1 Aprili 1918 likanyang'anywa: ndege zote, za nchi kavu na za baharini, zikatiwa katika jeshi jipya la anga, RAF. Kwa miaka ishirini na ushee meli za Mfalme zilibeba ndege ambazo hazikuwa zake kamili. Rubani angeweza kuwa mtu wa RAF, mwelekezi akawa afisa wa majini, na nyuma yao akaketi baharia aliyefundishwa simu. Ugomvi wa mali hiyo uliamuliwa na serikali mwaka 1937, na makabidhiano yakafanyika Mei 1939, miezi michache kabla ya vita. Wakubwa waligombania ndege, viwanja na marubani. Baharia wa kiti cha nyuma hakugombaniwa na mtu.

Vita vilipoanza walihitajika kwa wingi. Wengine walitoka miongoni mwa mabaharia waliokwisha kuzoea meli, wakaomba wenyewe kwenda angani. Wengine walitolewa uraiani moja kwa moja, vijana ambao hawajawahi hata kuona bahari ikichafuka. Walifunzwa Worthy Down, karibu na mji wa Winchester, na kuanzia 1943 wengi walivushwa Atlantiki hadi Yarmouth, Nova Scotia, nchini Kanada, ambako anga lilikuwa salama na baridi lilikuwa la kutosha kuwaonjesha yatakayowakuta. Mafunzo yalikuwa ya masikio kuliko macho. Kijana alikaa na vifaa vya kusikilizia akipokea alama za Morse mpaka zikaacha kuwa nukta na mistari, zikawa herufi, kisha zikawa maneno, na mwishowe aliweza kumtambua mtumaji kwa mdundo wa mkono wake. Bunduki ilikuja baadaye, na kwa maoni yangu ilistahili kuja baadaye.

Ndege waliyopandishwa ilishangaza hata kwa viwango vya 1940. Swordfish ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mifupa ya chuma iliyovikwa kitambaa. Spidi yake ya juu ilikuwa kama kilomita 220 kwa saa, na ikibeba topido la kilo 730 tumboni haikufika huko. Haikuwa na paa. Watatu wote walikaa wazi mvuani na kwenye theluji, wakisemezana kwa mirija ya sauti. Mabaharia waliiita Stringbag, ule mfuko wa nyuzi wa kwendea sokoni, kwa kuwa ilibeba chochote ulichoipa bila kulalamika. Ilikuwa nzito kwenda na rahisi kurusha, nayo ilisamehe makosa mengi ya rubani, jambo ambalo ndege nyingi za kisasa zaidi hazikuweza.

Mtu wa tatu alikuwa na nafasi ndogo nyuma kabisa. Akigeukia mbele alikuwa na mashine za simu, akigeuka nyuma alikuwa na bombomu, la aina ya Lewis au la aina ya Vickers. Antena ilikuwa waya mrefu alioufungua kwenye gurudumu lake, ukaburutwa nyuma ya ndege na kizito mwishoni, na ole wake akisahau kuukunja kabla ya kutua. Masafa yalipobadilika ilimbidi achomoe koili moja na kuchomeka nyingine, kazi isiyofanyika vizuri ukiwa na glavu nene, kwa hiyo glavu zilivuliwa. Kiunoni alifungwa kamba iliyoshikizwa sakafuni, maana kupiga bombomu kulimlazimu kusimama, na rubani anapoilaza ndege ghafla, aliyesimama bila kamba angeachwa hewani.

Ugumu wa kazi hiyo usioonekana ulikuwa kunyamaza. Katika vita vya baharini, anayetuma simu anamwambia adui alipo. Ndege ya doria iliweza kuruka saa tatu au nne, na muda wote huo mtu wa tatu anasikiliza tu, katika kelele za injini na upepo, akisubiri kundi la herufi ambalo huenda lisije. Likija lazima alipate mara ya kwanza, kwa sababu meli haitarudia. Na wakati wa kutuma ukifika ana nafasi moja. Akikosea tarakimu mbili za mahali adui alipo, manowari ishirini zitageukia upande usio na kitu.

Kazi hiyo ilionekana kwa ukamilifu wake tarehe 13 Aprili 1940, huko Narvik, Norwe. Waingereza waliingiza manowari kubwa Warspite ndani ya ghuba nyembamba zenye milima pande zote, pamoja na distroya tisa, kuzimaliza distroya nane za Wajerumani zilizokuwa zimenaswa humo. Warspite ilibeba Swordfish ya kuelea, inayorushwa kwa manati na kutua majini. Rubani wake hakuwa afisa: alikuwa Petty Officer aitwaye Rice, mmoja wa mabaharia wachache waliokuwa wamefunzwa urubani. Afisa pekee alikuwa mwelekezi, Brown. Mtu wa tatu alikuwa Leading Airman Pacey. Kwa hiyo siku hiyo, katika ndege iliyotangulia mbele ya kundi zima la manowari, wawili kati ya watatu walikuwa watu wa sitaha ya chini.

Mawingu yalikuwa chini, na ndege ikapita kati ya kuta za milima kama ndani ya handaki. Kwanza waliona nyambizi ya Kijerumani, U-64, imetia nanga mwishoni mwa ghuba ndogo. Rice akateremka, wakaangusha mabomu, nyambizi ikajibu kwa risasi zilizoharibu mkia wa ndege, kisha ikazama. Ndiyo nyambizi ya kwanza ya Kijerumani kuzamishwa na ndege ya Jeshi la Majini la Uingereza katika vita vile. Lakini lililoamua mapigano lilikuwa jingine. Distroya Erich Koellner ilikuwa imejificha katika kihori kimoja, ikingoja Waingereza wapite ili iwapige ubavuni. Ndege ikaiona, na habari ikatumwa kwa simu. Distroya za Waingereza zilipozunguka pembe ya mlima, mizinga na topido zao zilikuwa zimekwisha kuelekezwa upande huo. Mwisho wa siku distroya zote nane za Wajerumani zilikuwa zimeangamia. Admirali Whitworth aliyeongoza shambulio aliisifu ndege ile katika ripoti yake kwa maneno ambayo maadmirali wa zama hizo hawakuyatoa ovyo.

Ningeulizwa nichague siku moja ya kumwonyesha mtu TAG ni nani, ningechagua asubuhi ya Pacey. Hakufa, hakujeruhiwa, na sidhani alifyatua risasi nyingi. Alisikia, akaandika, akatuma, na kilichotumwa kikafika.

Mwaka uliofuata ilionekana kinachotokea ujumbe usipofika. Mei 1941 Waingereza walikuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani Bismarck katika Atlantiki. Admirali James Somerville alikuwa na meli ya kubeba ndege Ark Royal na manowari Sheffield. Tarehe 26 aliitanguliza Sheffield peke yake ikaifuate Bismarck kwa karibu. Habari ya hatua hiyo ilitumwa kwa Ark Royal pia, lakini ikacheleweshwa kwenye foleni ya kufasiriwa, na Swordfish zikaruka bila marubani kujua kwamba kuna meli ya kwao mbele. Ujumbe ulipofahamika, melini walishikwa na hofu hata wakaacha msimbo wa siri, wakatuma onyo kwa Kiingereza cha wazi kwamba wajihadhari na Sheffield. Walikuwa wamechelewa. Ndege kumi na nne zilishuka kutoka mawinguni zikaona meli moja, na nyingi zikaachia topido zao.

Nahodha wa Sheffield alizikwepa zilizobaki, maana baadhi zililipuka zenyewe zilipogusa maji. Hapo ndipo kosa lilipozaa faida: iligunduliwa kwamba vifyatuzi vya sumaku vya topido zile ni vibovu. Jioni hiyohiyo vikabadilishwa vikawekwa vya kugonga, ndege 15 zikaruka tena, na topido moja ikapiga usukani wa Bismarck. Asubuhi ya tarehe 27 meli hiyo ilizama. Inasimuliwa pia kwamba mojawapo ya ndege zile, ikipita juu ya Sheffield, iliipigia ishara ya taa kuiomba radhi kwa mzaha kwa samaki waliyoitupia. Mabaharia wa Sheffield, nadhani, walicheka kesho yake.

Melini watatu hawa walitengana mara tu waliposhuka ndegeni. Rubani na mwelekezi walikwenda kwenye chumba cha maafisa, penye meza zenye vitambaa na mtu wa kuhudumia. Mtu wa tatu alishuka ngazi mpaka sitaha ya mabaharia, akala kwenye meza ndefu na watu ambao hawajaruka, akalala katika machela iliyotundikwa juu ya meza hiyohiyo. Dakika chache kabla, uhai wa wote watatu ulikuwa umetegemea jicho la mmoja. Sasa, wakitaka kuzungumza juu ya yaliyotokea, ilibidi mmoja wao atafute ruhusa au sababu. Kuna maafisa walioona aibu ya mpango huo na kuna walioona ndio utaratibu wa dunia. Faida moja alikuwa nayo baharia: mgao wa ramu kila siku, ambao maafisa hawakupewa.

Februari 1942 utaratibu huo ulifika mahali ambapo haukuweza tena kufichika. Manowari za Kijerumani Scharnhorst, Gneisenau na Prinz Eugen zilitoroka bandari ya Brest, Ufaransa, zikapita mchana kweupe katika mlango wa bahari wa Uingereza, zikilindwa na kundi kubwa la ndege na boti. Waliokuwa karibu ni Kikosi cha 825, chenye Swordfish sita tu, katika kiwanja cha Manston, Kent. Kiongozi wao, Eugene Esmonde, alikuwa amekwisha kuongoza shambulio dhidi ya Bismarck mwaka uliotangulia. Aliahidiwa vikosi vitano vya ndege za kuwalinda. Zilifika Spitfire kama kumi. Saa sita na dakika 25 mchana wa tarehe 12 aliruka bila kungoja zaidi. Walikuwa watu 18 katika ndege sita.

Hakuna iliyorudi. Ndege za Wajerumani zilikuwa na kasi mno kwa Stringbag, hata ikasimuliwa kwamba baadhi ya marubani walishusha magurudumu ili wapunguze mwendo na kulenga vizuri. Katika ndege ya Esmonde mtu wa tatu alikuwa Clinton. Risasi ziliwasha kitambaa cha mkia. Edgar Lee, mwelekezi wa ndege iliyofuata, alimwona Clinton akitoka kwenye kiti chake, akakaa mgongoni mwa ndege kama mpanda farasi, akiuzima moto kwa mikono mitupu, kisha akarudi kwenye bunduki yake. Muda mfupi baadaye ndege yao ilianguka, wakafa wote watatu. Ndani ya ndege ya Lee mwenyewe, mpiga bunduki Johnson alikuwa amekwisha kufa. Lee alijaribu kumsogeza aifikie bunduki akashindwa, akasimama akitazama nyuma na kumwambia rubani Rose lini akate kushoto, lini akate kulia. Yaani afisa alifanya kazi ya mtu wa tatu, na kazi hiyo, kama inavyoonekana, haikuwa kupiga risasi tu. Mtazamaji aliyesema kwa wakati aliokoa watu kuliko bombomu dogo mbele ya mizinga ya Wajerumani. Katika ndege nyingine, Donald Bunce aliendelea kupiga huku bawa likiwaka, mbele yake maafisa wake wawili, Kingsmill na Samples, wakiwa wamejeruhiwa.

Topido hazikupiga meli yoyote. Kati ya watu 18, watano waliokolewa majini: Rose, Lee, Kingsmill, Samples na Bunce. Maafisa walikuwa 12, wakapona wanne. Watu wa kiti cha nyuma walikuwa sita, akapona mmoja.

Kisha zikaja nishani. Esmonde, marehemu, alipewa Victoria Cross, nishani pekee ya ushujaa vitani iliyokuwa wazi kwa kila cheo. Maafisa wanne walionusurika walipewa Distinguished Service Order. Bunce hakuweza kupewa hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya maafisa, akapewa Conspicuous Gallantry Medal, ya mabaharia. Na Clinton? Kanuni za wakati ule zilimruhusu marehemu kupewa ama Victoria Cross ama kutajwa jina katika ripoti rasmi, basi. Akatajwa.

Majuma machache baadaye vita vya watu hawa vilihamia upande wetu wa dunia. Somerville, yuleyule wa Ark Royal, alikabidhiwa manowari za Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Colombo, na Swordfish sita za Kikosi cha 788, zilizokuwa zikisafiri na topido kuelekea huko, zilikutana na ndege za kivita za Kijapani zikaangushwa zote sita. Siku nne baadaye meli ya kubeba ndege Hermes ikazamishwa. Somerville akarudisha nyuma meli zake za polepole mpaka Kilindini, Mombasa. Wasikilizaji wa simu za Wajapani nao walihamishiwa Mombasa, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, wakaendelea kunasa na kufumbua alama zilizopita juu ya bahari.

Mwezi Mei, Swordfish za Illustrious, meli ileile ya Taranto, zilishiriki katika kuiteka Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, iliyokuwa mikononi mwa serikali ya Kifaransa ya Vichy. Safari hii hakukuwa na tangi la ziada mahali pa mtu. Walizamisha meli yenye silaha Bougainville kwa topido na nyambizi Bévéziers kwa mabomu ya majini. Baadaye mwaka huo askari wa King's African Rifles walipelekwa kisiwani kukamilisha kazi, wengi wao vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambao nao walijua maana ya kupigana chini ya afisa asiyekula meza moja nawe.

Jeshi la Majini lilihitaji viwanja vya kupumzishia ndege na kuzikarabati, na kwa desturi yake likavipa majina kama meli. Kituo cha Tanga kiliitwa HMS Kilele. Cha Nairobi, Eastleigh, kiliitwa HMS Korongo. Port Reitz, ambako leo msafiri hutua katika uwanja wa Moi, ilikuwa na ndege hizohizo za kitambaa.

Vita vilipokwisha, mashine ziliwashinda watu wa tatu. Rada na simu ya sauti, ambayo rubani aliweza kuitumia mwenyewe, ziliondoa haja ya mtu wa Morse, na tawi la TAG likafungwa. Baharia wa kawaida alirudi angani kwa njia ya helikopta, kwenye mlango wa pembeni, akishusha waokoaji kwa kamba na kusikiliza nyambizi. Nishani zilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1993 serikali ya Uingereza iliondoa mgawanyo wa maafisa na mabaharia katika tuzo za ushujaa. Conspicuous Gallantry Medal ya Bunce ikafutwa, na Distinguished Service Order, ile waliyopewa Rose, Lee, Kingsmill na Samples, ikaacha kutolewa kwa ushujaa na kubaki ya uongozi. Mahali pa zote mbili ikawekwa moja, Conspicuous Gallantry Cross, inayotolewa kwa mtu wa cheo chochote, hai au marehemu, miaka 51 baada ya Clinton kupanda mgongoni mwa ndege.